Nani Atutengenezee Tovuti ya Shirika?

*Barua ya kwanza*

Ndugu Mshauri,

Salaam kutoka Tukuyu, ambako mvua ya mwaka huu haijatupa nafasi ya kuanika hata leso. Mimi ni katibu wa shirika dogo lisilo la kiserikali linalofanya kazi na wakulima wa parachichi katika Wilaya ya Rungwe. Miaka minne iliyopita tulitengenezewa tovuti na kijana mmoja tuliyeelekezwa kwake na rafiki wa ofisi. Kazi ilikuwa nzuri, tukamlipa, tukashukuru. Baadaye kijana huyo alihama, namba yake ikawa haipatikani, na miezi michache iliyopita mfadhili wetu alituandikia kwa mshangao kwamba amefungua anwani ya shirika akakuta ukurasa wa kamari ulioandikwa kwa lugha asiyoijua. Jina letu liliishia na .org, na sasa si letu tena.

Bodi imeamua tuanze upya, na tumepata nukuu tatu za bei. Kampuni ya Dar es Salaam inataka shilingi 6,200,000 pamoja na huduma ya mwaka wa kwanza, kisha shilingi 900,000 kila mwaka, na inasema itatumia mfumo iliyoubuni yenyewe. Kampuni iliyoko Mbeya mjini inataka shilingi 2,800,000, nayo ikijumuisha mwaka wa kwanza, kisha shilingi 350,000 kwa mwaka, na itatumia WordPress. Wa tatu ni kijana aliyemaliza chuo hivi karibuni, anayetaka shilingi 650,000, na nukuu yake ina mstari mmoja tu: "Kutengeneza tovuti ya kisasa." Mhazini anamtaka huyo wa tatu. Mwenyekiti anaitaka ya Dar es Salaam kwa kuwa imewahi kufanya kazi na mashirika makubwa. Mimi nawaogopa wote watatu. Tuchague vipi, na je, jina letu la zamani linaweza kurudi?

Katibu, Tukuyu

*Jibu*

Ndugu Katibu, pole sana. Nianze na jina, maana humo ndimo yanamopatikana majibu ya mambo mengine uliyouliza.

Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, halinunuliwi likawa mali ya mtu milele. Hulipiwa kwa mwaka mmoja au kwa miaka kadhaa, na taarifa ya kwamba muda unakaribia kwisha hutumwa kwa barua pepe ya yule aliyelisajili. Aliyesajili lenu alikuwa kijana wenu, kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa hiyo maonyo yote yalimfikia yeye huko alikohamia, na ninyi hamkupata hata moja. Kwa majina yanayoishia na .org, msajili, yaani kampuni inayouza majina hayo, akishalifuta jina ambalo halikulipiwa, zipo siku 30 ambazo mwenyewe bado anaweza kulikomboa kwa ada iliyo kubwa kuliko ya kawaida, zikifuatiwa na siku 5 za kusubiri, na baada ya hapo jina huwa wazi kwa yeyote. Wapo watu ambao kazi yao ni kuvizia majina ya aina hiyo, kwa sababu jina ambalo tovuti nyingine zimekwisha kuunganishwa nalo huleta wageni bila gharama ya tangazo. Huenda yule kijana hakuwa na nia mbaya hata kidogo, lakini hasara ni ileile.

Njia ya kulidai ipo. Tangu mwaka 1999 ICANN, taasisi inayosimamia majina ya intaneti duniani, ina utaratibu wa kusuluhisha migogoro ya vikoa, na Shirika la Miliki Bunifu Duniani ni mmoja wa wasuluhishi wake. Ada ya shauri la jina moja mbele ya mwamuzi mmoja ni dola 1,500 za Marekani, na mlalamikaji hutakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba ana haki ya alama ya biashara inayofanana na jina hilo, kwamba anayelishikilia hana haki nalo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Shirika dogo ambalo halikuwahi kusajili alama yoyote litapata taabu katika hilo la kwanza kabisa. Kwa maoni yangu fedha hizo zina kazi bora zaidi Rungwe. Waandikieni wafadhili na washirika wote waondoe kiungo cha zamani, futeni anwani hiyo kwenye barua, mabango na fulana zenu, kisha msajili jina jipya.

Jina hilo jipya lisajilini ninyi wenyewe, kabla hamjasaini lolote na kampuni yoyote. Kwa shirika lisilo la kibiashara .or.tz linafaa, na huombwa kupitia wasajili walioidhinishwa wa majina ya .tz. Jina la mwenye kikoa liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha usajili wa shirika, barua pepe iwe ya ofisi wala si ya mtu, na namba ya simu iwe ya laini iliyosajiliwa kwa jina la shirika, kwa sababu siku hizi msimbo wa kuthibitisha kuingia hutumwa kwenye simu, na laini ya mfanyakazi huondoka pamoja naye. Lipieni miaka kadhaa kwa mkupuo kama msajili anaruhusu, kisha tarehe ya mwisho iandikwe kwenye ile kalenda ya ukutani ambayo mhazini huitazama kila siku. Baada ya hapo mtakayemchagua mtamwonyesha mahali pa kuielekeza tovuti, lakini jina litabaki mikononi mwenu.

Sasa nizigeukie zile nukuu. Mhazini ana haki ya kutazama bei, ila atazame ya miaka mitatu, si ya siku ya kusaini. Kwa hesabu ulizoniletea, Dar es Salaam itakuwa shilingi 8,000,000, Mbeya shilingi 3,500,000, na kwa yule kijana hakuna anayejua, kwa sababu mstari wake mmoja hausemi nani atalipia seva (kompyuta inayoihifadhi tovuti), nani atalipia kikoa, nani ataandika maneno, nani atapiga picha, na nani atapokea simu siku tovuti itakapokataa kufunguka. Sisemi kwamba hafai. Vijana wanaotoka katika vyuo vya Mbeya na Iringa wamefanya kazi safi nilizoziona kwa macho yangu. Nasema kwamba nukuu yake bado haijawa nukuu, na kosa hilo kwa sehemu ni la shirika, ambalo liliomba bei bila kusema linataka nini.

Kwa hiyo rudini nyuma hatua moja mwandike hadidu za rejea. Kurasa mbili zinatosha. Semeni tovuti ni ya nani: je, ni ya mfadhili aliyeko Ulaya, ya mnunuzi wa parachichi, au ya mkulima wa Rungwe mwenyewe? Semeni itakuwa na kurasa zipi, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza au kwa lugha zote mbili, nani ataweka habari mpya, na mnataka barua pepe ngapi zenye jina la shirika. Kisha wapeni wote watatu karatasi ileile, mwaombe bei upya, kila kifungu na gharama yake. Mtashangaa namna tofauti ya bei itakavyobadilika. Wa bei ya chini hupanda, na wa juu wakati mwingine hushuka akiona kwamba sehemu ya alichokipanga hamkihitaji.

Kuhusu mfumo, hapa sikubaliani na mwenyekiti. Mfumo uliobuniwa na kampuni yenyewe unaweza kuwa mzuri sana, lakini siku mtakapotaka kuachana nao hakuna fundi mwingine atakayeweza kuuendesha, na mara nyingi mkataba hauwaruhusu hata kuuchukua. Zile shilingi 900,000 za kila mwaka mtakuwa mnalipa kwa kukosa njia nyingine. WordPress ni programu huria iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, inaendesha zaidi ya tovuti 4 katika kila 10 duniani, na hiyo ina maana kwamba kampuni ya Mbeya ikifungwa kesho mtapata mtu mwingine wa kuendelea nayo, Mbeya, Iringa au kwingineko. Upande wake mbaya ni kwamba wingi huo huwavutia wahalifu. Udhaifu mwingi hautoki kwenye programu yenyewe bali kwenye violezo (mipangilio ya mwonekano) na programu-jalizi (programu ndogo) zinazoongezwa juu yake na kuachwa bila kusasishwa. Waulizeni wazi watasasisha kila baada ya muda gani, nakala za akiba zitawekwa wapi (zikiwa kwenye seva ileile hazina maana), na kama violezo watakavyotumia vina leseni halali. Vipo violezo vya kulipia vinavyogawiwa bure mitaani vikiwa vimechokonolewa, na mara nyingi ndani yake huwa kuna mlango wa siri wa mtu mwingine. Mwenye kampuni akianza kucheka mlipouliza habari ya leseni, ondokeni.

Kuhusu kazi zao za nyuma, msikubali kuonyeshwa picha kwenye ukuta wa ukumbi wenye intaneti ya kasi. Ombeni anwani za tovuti tano walizozijenga, chukueni simu ya bei ya chini kuliko zote iliyopo ofisini, zimeni Wi-Fi, washeni data, mshuke nayo mpaka kijiji ambacho wakulima wenu wanaishi, ambako mtandao hupanda na kushuka kama barabara yenyewe. Fungueni kila moja mkiwa na saa mkononi. Ukurasa wenye uzito wa MB 12, kwenye mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde, huchukua sekunde 96 kufunguka kwa ukamilifu, na bando la MB 100 litafungua kurasa kama hizo nane tu. Niliwahi kuitwa katika ofisi moja ya Iringa ambako walilalamika kwamba wageni hawafiki ukurasa wa pili. Juu ya ukurasa wa kwanza zilikuwa zimewekwa picha sita zinazopishana, kila moja imetoka kwenye kamera moja kwa moja ikiwa na MB 4. Tulizipunguza zikawa na KB 180 hivi kila moja, tukaziweka tena, na mkurugenzi aliziangalia kwa muda mrefu akitafuta tofauti asiione. Kazi hiyo ilituchukua mchana mmoja, lakini walioijenga tovuti walikuwa wamelipwa bila kuifanya.

Mkiwa bado na simu hiyo mkononi, tazameni habari ya mwisho katika kila tovuti ni ya lini. Zote tano zikiwa zimenyamaza tangu wiki ya uzinduzi, ujue kampuni hiyo hukabidhi ikaondoka, au haifundishi wateja wake kuitumia. Pigeni simu kwa wateja wawili, ila msiulize kama waliridhika, maana Mtanzania mstaarabu atasema ndiyo. Ulizeni: "Mara ya mwisho mlipokwama, walichukua siku ngapi kuwajibu?" Hilo hujibiwa kwa namba.

Umetaja kwamba mnafanya kazi na wakulima, na nadhani ipo siku mtataka fomu ya kuwaandikisha mtandaoni: jina, namba ya simu, kijiji, idadi ya miti. Hizo ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kwa mujibu wake ninyi mtakuwa mkusanyaji, na kampuni inayozitunza kwa niaba yenu itakuwa mchakataji. Wajibu wa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hauondoki eti kwa sababu fomu ilitengenezwa na mtu mwingine. Waulizeni wote watatu taarifa hizo zitakaa kwenye seva ya nani, katika nchi gani, na nani ataziona. Mtakayemwona ameshaisikia sheria hiyo mpeni alama ya ziada. Na picha za wakulima na watoto wao msiziweke bila ridhaa yao, hata kama ni nzuri kiasi gani.

Mkataba usiwe mrefu, ila uyaseme haya kwa maneno yasiyo na utata: kwamba maneno, picha, usanifu na faili zote za tovuti ni mali ya shirika baada ya malipo, kwamba nywila za seva, za tovuti na za barua pepe zitakabidhiwa kwa maandishi, kwamba watumishi wawili watafundishwa kuweka habari na picha wao wenyewe, na kwamba mkiamua kuachana, kampuni itawapa nakala kamili ya tovuti ndani ya siku kadhaa mtakazozitaja. Malipo yawe kwa hatua, kwa mfano asilimia 30 mwanzoni, 40 mtakapouona mfano unaofanya kazi, na 30 za mwisho baada ya yule mtumishi wenu aliyefundishwa kuingia kwa nywila ya shirika na kuweka tangazo mbele ya bodi bila kusaidiwa. Hatua hiyo ya mwisho msiilegeze hata kwa kuombwa. Mhazini adai risiti ya EFD, na akumbuke kodi ya zuio, ambayo kwa huduma ya mtoaji aliye mkazi ni asilimia 5.

Kama ningekuwa kwenye kikao chenu, ningeiendea kampuni ya Mbeya kwanza, kwa sababu ya mfumo itakaoutumia na kwa sababu ofisi yake inafikika kwa Coaster. Ikishindwa jaribio la simu kijijini, nisingeona aibu kumwita yule kijana, nikampa hadidu za rejea na kumsikiliza.

*Barua ya pili*

Ndugu Mshauri, kamwene. Naandika kutoka Iringa mjini. Nipo katika uongozi wa shule ya sekondari ya binafsi. Kampuni moja imetuahidi kwamba ikitutengenezea tovuti, basi mzazi yeyote akitafuta "shule bora Iringa" sisi tutatokea wa kwanza kwenye Google, kwa dhamana ya maandishi na malipo ya kila mwezi. Tuamini?

Makamu Mkuu wa Shule, Iringa

*Jibu*

Msiamini. Google yenyewe, katika maelekezo yake kwa wenye tovuti, inasema hakuna awezaye kuhakikisha nafasi ya kwanza. Kinachoweza kununuliwa ni tangazo, ambalo hutokea likiwa limeandikwa kwamba ni la kulipia na hutoweka siku fedha zinapokwisha. Inawezekana dhamana hiyo ya maandishi inahusu jina la shule yenu lenyewe, na kwa jina hilo mngetokea wa kwanza hata bila wao, kwa kuwa hakuna shule nyingine yenye jina hilo.

Mzazi wa Mafinga au Ilula anayetafuta shule anataka kuona ada, fomu ya kujiunga, matokeo ya miaka ya karibuni, picha ya bweni na namba ya simu inayopokelewa. Kampuni itakayokuja na maswali kuhusu mambo hayo, na ikawakera kwa kuyadai kila siku mpaka muyatoe, ndiyo ya kuipa kazi. Andikeni ada kama maandishi ya kawaida kwenye ukurasa, si picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu, maana picha hiyo haisomeki vizuri kwenye simu ndogo na msomaji asiyeona anayetumia programu ya kusomewa hatapata kitu. Kwa jina, shule zina .sc.tz; lichukueni hilo.

*Barua ya tatu*

Ndugu Mshauri, sisi ni SACCOS hapa Makambako. Mpwa wa mwenyekiti ana kampuni ya kutengeneza tovuti na mwenyekiti ameshatamka kikaoni kwamba "kazi ibaki nyumbani". Wajumbe tumenyamaza. Tufanyeje bila kuvunjiana heshima?

Mjumbe wa Bodi, Makambako

*Jibu*

Ndugu Mjumbe, kumwambia mzee kwamba amekosea mbele ya watu ni kazi ngumu, na haihitajiki. Pendekezeni kwamba bodi itangaze hadidu za rejea na kupokea nukuu tatu zilizofungwa kwenye bahasha, na mpwa wake akaribishwe kuleta yake. Siku ya kuzifungua mwenyekiti atoe tamko la mgongano wa maslahi, liandikwe kwenye muhtasari, naye atoke nje ya ukumbi. Makamu wake ataendesha kikao. Mpwa akishinda, ameshinda kwa haki na mjomba wake ataweza kumtetea mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu. Kama ni vigumu kulisema hilo mdomoni, meneja alilete kama suala la mkaguzi wa hesabu, ambaye kwa vyovyote ataliuliza.

Lakini yeyote atakayepata kazi hiyo, asiachiwe nywila peke yake. Tovuti ya SACCOS ikishikwa na mtu mbaya anaweza kubadilisha namba ya kulipia rejesho, na wanachama wakatuma fedha kwa siku tatu kabla hamjagundua. Andikeni nywila za kikoa, seva na barua pepe kwenye karatasi, itiwe kwenye bahasha, isainiwe juu ya gundi na watu wawili wasio ndugu, na iwekwe kwenye kasiki pamoja na vitabu vya hundi. Fundi akimaliza matengenezo, nywila zibadilishwe na bahasha mpya iandaliwe siku hiyohiyo.